Mayai ya Kufubaza Meli

Mimi ni fundi cherehani, na jina langu ni Mudathiru. Nalitaja mapema kwa sababu hapa Gisenyi watu wengi wamelisahau. Siku hizi wananiita Muzee wa Mayai, na kila anayeniita hivyo hucheka kwanza. Wacheke. Leo naeleza mwenyewe mambo yalivyokuwa, kabla jirani yangu Gad, mchomelea vyuma, hajayaeleza kwa mara ya mia na kutia chumvi yake.

Kutengeneza meli ndogo nilianza mwaka ule wa korona, mpaka wa Goma ulipofungwa na harusi zikakatazwa. Fundi wa suti za harusi bila harusi ni mtu wa kukaa nyumbani na kumkera mkewe. Siku ya tisa mke wangu, Nyirasafari, alinitia mkononi kisu na kipande cha ubao.

"Baba Igihozo, kamata hii, uchonge kitu. Ao mi nitakuchonga weye."

Nikachonga mtumbwi. Halafu nikachonga zile boti tatu zilizofungwa pamoja, za kuvulia sambaza, vile visamaki vya ziwani. Halafu nikapanda cheo, nikaingia kwenye meli zenyewe, zenye sitaha na bomba la moshi. Vyuma vyake nilivitoa kwenye kazi yangu ya zamani. Vile vijiduara vya shaba tunavyopigilia kwenye mapazia vikawa madirisha, kifungo cha koti kikawa kengele, mkufu uliokatika ukawa mnyororo wa nanga, na waya za umeme nilizozimenya zikawa vyuma vya kushikia pembeni mwa sitaha. Nilijiona mtu.

Basi akaja Claudette, mwenye nyumba ya wageni kule karibu na ufukwe, akataka nimtengenezee baba yake meli. Baba yake ni Muzee Rugema. Mzee huyu alikuwa mekanisiye, yaani fundi wa injini, wa meli iliyoitwa Patience kwa miaka ishirini na miwili, wakati familia yao ilipokuwa ingali Goma. Meli hiyo ilikuwa ikizunguka Goma, Gisenyi, Kibuye mpaka Bukavu, kisha ikazeeka, ikakatwakatwa na kuuzwa vipande. Imebaki picha yake moja tu, ndogo, na kona moja imetafunwa na panya.

Miezi saba nilikaa na ile picha. Siku nilipomaliza, niliipeleka meli kwenye baraza ya Claudette ikiwa imefunikwa kitambaa, nikaifunua mbele ya mzee na mbele ya wageni wote waliokuwa wakila. Shaba ziliwaka. Wageni wakapiga makofi. Rugema akaisogeza karibu na pua yake, akaizungusha polepole.

"Iko muzuri," akasema. "Ni meli ya nani?"

"Ni Patience, muzee."

"Apana. Hii ni meli ya kwenda harusi. Shaba inangaa namna hii, ilifanya kazi siku gani? Patience ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuchemushia mahindi."

Wageni wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kwa meno tu. Nilirudi nyumbani na meli kwapani, na njia nzima nilikuwa nikimjibu yule mzee maneno ambayo sikuweza kumjibu mbele yake.

Hasira ziliponitoka, likabaki jambo moja. Nilitaka mtu yule aniambie maneno mawili tu: "Ni yenyewe." Mwingine wa kuyasema hakuwepo, kwa sababu wenzake wote waliofanya kazi kwenye ile meli walikwisha kufa. Na Claudette alikuwa amenieleza kwamba presha ya macho inamla baba yake, na daktari amesema kabla ya mwaka mwingine kwisha atakuwa anaona mwanga tu. Hakimu wangu alikuwa mmoja, na hakimu mwenyewe alikuwa akifumba macho. Nilimwombea macho yake kila baada ya swala, na nasema kweli, si kwa ajili yake peke yake.

Nikaanza kutafuta namna ya kufubaza shaba. Kwenye simu nilimpata mzungu mmoja mzee, ana ndevu na aproni, anaweka vyuma vya meli yake kwenye bakuli, anamimina dawa kutoka kwenye kichupa, na vyuma vinakuwa vyeusi papo hapo. Anaongea sana kabla ya kumimina, kwa hiyo sehemu ile ya maneno nilikuwa nairuka. Kichupa chenyewe Gisenyi hakiko. Duka la dawa walinitazama kama mtu anayetafuta sumu. Nikajaribu rangi, ikabanduka kama rangi ya kucha ya bei rahisi.

Gad akaniona nikihangaika, akaja na dawa yake.

"Weka mukojo," akasema. "Mukojo ya siku kumi, ndani ya bido, ile dumu, unaning'iniza vyuma juu, unafunga. Ile harufu kali njo inafanya kazi. Babu yangu alikuwa anafanya vile."

Nikamkumbusha kwamba mimi ni mtu wa swala tano, na meli ile itapita kwenye sebule yangu.

"Bon, basi mukojo ya ng'ombe."

Hata ng'ombe nilimkataa.

Jibu nililipata kwa marehemu mama yangu. Alikuwa na pete ya fedha, na kila akimenya mayai ya kuchemsha pete ilikuwa ikigeuka nyeusi, na yeye analalamika wiki nzima. Kama mayai yanaweza kuharibu pete, yatashindwaje kuharibu waya? Nikachemsha mayai thelathini yaliyotoka Kanama, nikayaponda yangali moto, na maganda yake, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Vyuma nikavining'iniza juu kwa uzi wa cherehani, nikafunga, nikaiweka ndoo juani. Kesho yake waya zilikuwa nyeusi. Vile vijiduara vilikuwa vikaidi, nikarudia mara mbili zaidi na mayai mapya, ndipo vikawa na rangi ya kahawa. Nilicheza peke yangu mle kibandani.

Kosa langu lilikuwa kuifungulia ile ndoo uani, na upepo unatoka ziwani.

Mahali pengine harufu ya yai lililooza ni harufu ya yai lililooza. Hapa kwetu, tangu mwaka ule ardhi ilipotikisika na barabara ikapasuka, harufu ile si mambo ya jikoni, ni ya mlima wa volkano. Mama Verediane, jirani wa ukuta wa pili, alinusa mara moja tu. "Nyiragongo inatoka!" akapiga kelele, na mimi nilipotoka na ndoo mkononi kueleza, tayari familia tatu zilikuwa barabarani na magodoro vichwani, na baba mmoja alikuwa anafunga televisheni kwenye pikipiki. Kiongozi wa isibo yetu, yaani zile nyumba chache zinazokutana pamoja, alinisimamisha kwenye mkutano nikaomba msamaha. Nikaahidi kwamba ile ndoo haitafunguliwa tena.

Sikujali. Vyuma vyangu vilikuwa vimefubaa. Nikavigandisha mahali pake kimoja kimoja, nikaiona Patience inavyozeeka mbele ya macho yangu, nikamwalika Muzee Rugema na binti yake waje kwangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, watu wakiwa wametoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na kuoga.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo niliitoa meli kibandani, nikaiweka kwenye meza ya sebuleni, nikachukua jembe langu na kwenda kuzibua mitaro na wenzangu. Mke wangu alibaki kuandaa chai na mandazi. Sasa lazima nieleze kitu kuhusu Nyirasafari. Mara mbili ameshinda zawadi ya usafi ya isibo. Mara ya kwanza walimpa beseni, mara ya pili beseni kubwa zaidi. Masinia yake ni kioo, mtu anaweza kujinyolea ndevu. Na kile kibanda changu, kwa sababu ya ukali wangu, nilikuwa nimemkataza asikanyage, kwa hiyo zile shaba nyeusi alikuwa hajawahi kuziona kwa karibu, na yale mayai alidhani ni dawa ya kusafishia.

Saa tano nilirudi, nikafungua mlango, nikasimama.

Meli ilikuwa inawaka. Nanga inawaka, mnyororo unawaka, madirisha yote ishirini na sita yanawaka kama macho ya paka. Mke wangu amesimama kando, nusu ya ndimu mkononi, anatabasamu.

"Bageni banakuja," akasema, "nikaona ile ma-shaba imeoza yote. Sasa mi nitapokea mutu na kitu chafu? Nimesugua na majivu na ndimu mpaka mukono inauma. Angalia!"

Niliangalia. Halafu nikafungua mdomo, na yaliyotoka sitayaandika yote hapa. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia beseni zake mbili zimempanda kichwani. Nilimpenda na nilitaka kumtupa ziwani, vyote kwa dakika moja.

Nyirasafari akaitua ile ndimu.

"Nani anafanya uchafu makusudi?" akauliza. "We ulisema lini? Kama ulitaka ikae chafu, ungeniambia, 'Mama Igihozo, hii uchafu yangu, usiiguse.' Ningekubali. Mi ni mutu ya kusikia."

Nikapiga meza. Nanga ikadondoka. Tukaitazama wote wawili pale chini, na mimi nikakaa kwenye kiti nikaona miezi tisa yangu imekwisha, yule mzee atasema tena meli ya harusi, na safari hii hata nikirekebisha, macho yake hayatanisubiri.

Mke wangu akafunga kitenge vizuri.

"Bon. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Unataka mayai ngapi?"

Saa tano na nusu hiyo, wageni saa kumi. Kuchemsha mayai thelathini kwenye jiko la mkaa kungetula nusu ya muda wetu. Ni yeye aliyekumbuka wale wanaotembeza mayai yaliyochemka kwenye mabaa, na chumvi na pilipili kwenye vichupa. Akapiga simu mbili, na kabla sijamaliza kubandua madirisha kwa koleo, wauzaji wanne walikuwa uani kwangu na ndoo zao zilizofunikwa taulo, mayai yangali moto. Mmoja akaanza kumenya na kuuliza kama nataka pilipili. Nikamwambia yapondwe yote, na maganda. Walitazamana. Pengine hawajawahi kuona njaa ya namna ile.

Kuhusu ile ahadi yangu ya kutofungua ndoo, Nyirasafari alimtuma Gad. Gad ana spika ya kutangazia mauzo, na alizunguka nayo mtaa mzima kwa furaha kubwa.

"Hii ni mayai ya Mudathiru! Volkano iko sawa! Mubaki ku nyumba! Ni mayai tu!"

Mama Verediane hata hivyo alifunga godoro lake. Sikumlaumu.

Saa saba na nusu nilifungua mfuniko kidogo, nichungulie tu. Nikaufungua wote. Waya nyeusi. Nanga nyeusi. Vile vijiduara vikaidi, vilivyonisumbua siku tatu, vyeusi tii, na wala havikuwa na mabaka kama mara ya kwanza. Nilikaa nikawaza, nikachukua simu, nikamrudia yule mzungu wa ndevu, safari hii nikasikiliza maneno yake. Alikuwa anasema chuma lazima kwanza kisuguliwe, kitolewe mafuta yote ya vidole, ndipo dawa ishike. Mimi mara ya kwanza nilivishika kwa vidole vya mtu aliyekula mandazi. Majivu na ndimu za mke wangu zilikuwa zimefanya kazi ambayo mimi niliiruka.

Sikumwambia. Nilikohoa tu.

Saa tisa kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, isipokuwa kitu kimoja. Kuna kijishimo kwenye sitaha ambapo ngazi inashuka kwenye chumba cha injini, na kando ya ngazi hiyo nilikuwa nimeweka waya wa kushikia. Kwenye picha hauonekani. Niliuweka kwa kukisia, maana mtu atashukaje kule bila kushika kitu? Waya ule, baada ya kuufubaza mara ya kwanza, niliugandisha chini ya sitaha, na kuung'oa ni kuivunja meli. Nao ulikuwa unang'aa kama jino la dhahabu. Meli nzima haingii kwenye ndoo. Nikachukua masizi ya sufuria na tone la mafuta ya kupikia, nikaupaka. Kwa mbali ulifaa.

Saa kumi Muzee Rugema aliingia, ameshika kiwiko cha Claudette. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Pole," akasema. "Nani iko mugonjwa wa tumbo?"

Claudette akaziba mdomo wake kwa mkono. Nikasema karibu, muzee, keti, na mke wangu akaleta mandazi kwa haraka.

Mzee hakugusa mandazi. Alisema aletewe meli. Nikaiweka mbele yake. Akavaa miwani, akaivua, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa bomba la moshi, akaanza kuipitia kutoka mbele kwenda nyuma. Nilikuwa nasikia pumzi yake.

"Nanga," akasema. "Sawa."

Nikaigeuza meli kidogo aone ubavu.

"Nyororo, bon. Ma-dirisha... sawa. Kengele iko mahali pake."

Halafu akaacha kutumia macho. Akanyoosha mkono wa kulia, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye kile kijishimo, bila kupapasa, kama mtu anayewasha taa nyumbani kwake. Akaushika ule waya wa ngazi kwa vidole viwili, akavuta kuelekea chini. Masizi yakatoka yote. Waya ukang'aa.

Nikafumba macho.

Nikasikia akisema, "Claudette, nimulikie na telefone." Nilipofumbua, alikuwa ameinama pale, taa ya simu inammulika, na vidole vyake vyeusi kwa masizi.

"Nani alikuambia hii?" akauliza.

"Hii gani, muzee?"

"Hii chuma ya kushukia. Kwa foto haiko, foto ni ya inje." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Patience yote ilikuwa nyeusi. Mafuta, moshi. Hii peke yake njo ilikuwa inangaa. Tulikuwa batu bane kwa mashini. Asubui tunashuka, mangaribi tunapanda, na mukono ni palepale. Hakuna mutu aliisugua hata siku moja. Ni mikono yetu njo ilisugua. Védaste alikuwa na mukono kubwa, alikuwa anakamata hapa juu..." Akagusa ncha ya juu ya waya. "Bote batatu bamekufa. Mi nilifikiri hii kitu iko kwa kichwa yangu tu."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ni yenyewe," akasema. "Ni yenyewe kabisa. Fundi, we ulijua namna gani?"

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miezi tisa. Na jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, fupi, zuri: fundi anajua, muzee. Nani angenipinga? Gad yuko nje na spika yake. Claudette ananitazama kama mtu mkubwa. Nilivuta pumzi ya kulisema.

Kisha nikamwona mke wangu. Alikuwa amesimama karibu na pazia na chupa ya chai, vidole vyake vimepauka kwa majivu na ngozi imepasuka kwa ndimu. Alikuwa ameona mzee analia, ameona ule waya unang'aa, na yeye alielewa jambo moja tu, kwamba ameharibu tena.

"Mutusamehe, muzee," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ilitushinda kufanya nyeusi."

Roho iliniuma. Kweli iliniuma.

"Sikujua kitu, muzee," nikasema. "Mi nilikuwa nimeifanya nyeusi kama zingine. Ni Mama Igihozo aliisugua leo asubui, na nilimutukana sana. Halafu nikaificha na masizi."

Rugema aligeuza uso kumtafuta.

"Ulisugua na nini, mama?"

"Na mukono tu. Na majivu kidogo."

Mzee akanyoosha mkono wake mchafu hewani. Nyirasafari akanipa mimi chupa ya chai, akaufuta mkono wake kwenye kitenge, akampa. Rugema akavipitia vidole vyake kimoja kimoja kama alivyokuwa ameupitia ule waya.

"Hii chuma," akasema, "itafanya nyeusi tena?"

"Itafanya, muzee," nikadakia, maana hilo ni la utaalamu. "Shaba isiposhikwa-shikwa inafubaa yenyewe, hasa kwa hewa ya ziwa..."

"Sikukuuliza weye," akasema, bila kuuachia ule mkono. "Mama, ukuwe unakuja kwangu. Mwaka kesho sitakuwa naona, lakini nitaishika. Tutakuwa tunaisugua mi na weye, isizime."

"Yego, muzee," akasema mke wangu, na sasa alikuwa analia na yeye.

"Na fundi, papa?" akauliza Claudette.

Mzee akafikiri.

"Fundi asiguse."

Sikugusa. Nilimimina chai, kwa kuwa mwenye chai alikuwa ameshikwa mkono.